Jibu la Uongo Lililo Bora

Mwaka 1914 Frederick Kelly wa Marekani alitunga tasnifu juu ya alama za waalimu, akadhihirisha kuwa karatasi moja ikipita mikononi mwa wasahihishaji wawili aghalabu hurudi na hukumu mbili. Na mwaka uliofuata, akiwa Emporia katika jimbo la Kansas, akatoa mtihani wa kusoma kimya ambao kila swali lake lilikubali jibu moja tu, lisilogeuzwa na hasira wala huruma ya msahihishaji. Insafu ilipatikana, na wepesi pia: kufikia 1938 kampuni ya IBM ilikuwa na mashine iliyotambua kwa umeme weusi wa kalamu ya risasi juu ya karatasi.

Lakini ilimu ya fizikia ilipata hasara katika biashara hiyo. Mtungaji, akiisha kuandika jibu la kweli, alijikalia peke yake akabuni matatu ya uongo: moja kwa kusahau kugawa kwa mbili, jingine kwa kugeuza alama ya kutoa, na la tatu, nadhani, kwa uchovu. Mwenye kukariri kanuni akapita katikati yake salama, na dhana aliyoingia nayo darasani akatoka nayo.

Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Arizona State, katika makala yao ya 1985, walishika njia nyingine: kwanza waliwaacha wanafunzi waandike kwa maneno yao wenyewe, kisha makosa yaliyokaririwa na wengi wakayafanya ndiyo majibu ya kuchagua. Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer wakaiendeleza kazi hiyo katika mtihani mashuhuri wa 1992, ambamo lori zito lagongana uso kwa uso na gari dogo, na mtahiniwa aulizwa lipi limelisukuma jenziwe kwa kani kubwa zaidi. Hapana hesabu ya kufanya. Aliyepata kuona gari dogo lililokunjika kama kopo husadiki kwa yakini kuwa lori limepiga zaidi, na jibu hilo lipo pale likimngoja. Kumbe kani ni sawa, ila gari jepesi hupata mchapuko mkubwa. Kwa maoni yangu ugumu wa kazi ni huo, mtungaji kuliheshimu kosa la mwenziwe.

Eric Mazur wa Harvard alikwisha kuwapa wanafunzi wake mtihani ule wa awali wa Halloun na Hestenes mwaka 1990, akichelea kuwa ni mwepesi mno kwao. Mmoja wao akamwuliza ajibu vipi, kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe.