Mbio za hisani za saratani

Mbio za hisani za saratani ni mbio za miguu ambazo mkimbiaji hulipia ushiriki au huchangisha ndugu na jamaa, na fedha huenda kwa wagonjwa na utafiti. Anayekumbukwa zaidi ni Terry Fox wa Kanada. Mwaka 1980, akiwa amekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, alikimbia kilomita 5,373 kwa siku 143, hadi ugonjwa ulipofika mapafuni.

Katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, mfano wa karibu ni Kili Challenge ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita, iliyoanza 2002. Washiriki hupanda Mlima Kilimanjaro kuchangia vita dhidi ya UKIMWI. Saratani inastahili juhudi kama hiyo. Mgonjwa wa Geita au Shinyanga hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Geita wanaokwenda Mwanza adha ya kusubiri kivuko. Nauli, chakula na malazi ya anayeuguza bado ni mzigo wa familia. Waandaaji wa mbio wauanzie hapo mchango wao.