Michezo ya zamani ya kompyuta: Kwa nini picha hupotoka inapojaza skrini

Michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 bado inachezeka hadi leo. Hata hivyo, wengi huiacha baada ya dakika chache kwa sababu picha hutanuka, huwa na ukungu au hutoweka kabisa pindi inapojaza skrini nzima. Kasoro hiyo kwa kawaida haimo katika mchezo wenyewe, na kuiondoa huhitaji kubadilisha mistari michache tu ya mipangilio.

Matoleo ya sasa ya Windows yanayotumia mfumo wa biti 64 hayawezi kuendesha moja kwa moja programu zilizoandikwa kwa ajili ya MS-DOS. Ndiyo maana anayetaka kucheza Doom, mchezo uliotolewa Desemba 1993, katika sura yake ya awali hulazimika kutumia emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ya wakati ule pamoja na kadi zake za michoro na sauti. Inayojulikana zaidi ni DOSBox, iliyoanzishwa na watayarishi wa programu wa Uholanzi na kutolewa kwa umma mwaka 2002. Programu hiyo hiyo ndiyo iliyoliwezesha shirika la kuhifadhi kumbukumbu la Internet Archive, Januari 2015, kuweka takriban michezo 2,400 ya DOS ichezwe ndani ya kivinjari bila malipo.

Kwa hiyo michezo ipo, na inafunguka. Kinachokosekana ni ile skrini yenye chogo ambayo wachoraji wake waliitazama walipokuwa kazini.

Pikseli zisizo za mraba

Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilileta kiwango cha michoro kinachoitwa VGA. Mpangilio wake uliopendwa mno na watengenezaji wa michezo ulikuwa wa pikseli 320 kwa upana na 200 kwa kimo, ukiwa na rangi 256 kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo inatoa umbo la 16 kwa 10. Lakini skrini za siku hizo zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, na picha ilivutwa wima hadi kuijaza. Kila pikseli ilionekana ndefu kuliko upana wake kwa asilimia 20. Wachoraji walilijua hilo na wakalifidia: duara walilotaka lionekane duara walilichora likiwa limebonyea kidogo.

Pikseli za skrini za leo ni za mraba. Emuleta inapozionyesha pikseli 320 kwa 200 bila kuzirefusha, duara hubaki limebonyea, na sura za watu huwa pana kana kwamba zimekaliwa. Hali huwa mbaya zaidi pale skrini yenyewe, ambayo sasa huwa na umbo la 16 kwa 9, inapojitwalia kazi ya kuitanua picha hadi kingo zote. Hapo upana huzidi kimo kwa thamani ya theluthi moja. Mchezaji ambaye hakuwahi kuuona mchezo katika skrini ya zamani aghalabu hudhani kwamba ulichorwa vibaya tangu mwanzo, na kwa dhana hiyo wachoraji hudhulumiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Njia rahisi ya kupima ni kutafuta kitu cha mviringo ndani ya mchezo, kama vile mwezi, saa ya ukutani au gurudumu, kisha kukipima kwa rula juu ya skrini. Vipimo viwili vikilingana, picha imekaa sawa. Ipo michache ambayo wachoraji wake hawakufanya fidia hiyo, na hapo jicho ndilo linaloamua.

Mistari mitatu katika faili moja

DOSBox husoma mipangilio yake katika faili la maandishi linaloishia kwa jina conf. Katika toleo la 0.74, ambalo bado linatumiwa sana, mpangilio wa awali ulikusudiwa kompyuta dhaifu za miaka ya nyuma, na ndio chanzo cha malalamiko mengi. Mstari wa fullresolution huwa umeandikwa original, maana yake emuleta huiomba skrini igeuke kuwa ya pikseli 320 kwa 200. Skrini bapa za leo nyingi hazilitambui ombi hilo. Nyingine huwa nyeusi, nyingine huonyesha picha ndogo katikati ya giza, na nyingine huitanua picha zitakavyo.

Tiba yake ni kuandika fullresolution=desktop, ili skrini ibaki na idadi yake ya kawaida ya pikseli na emuleta yenyewe ifanye kazi ya kukuza. Mstari wa pili ni output. Ukiachwa kama surface, emuleta haiwezi kuikuza picha hadi kujaza nafasi. Ukibadilishwa kuwa opengl, kazi hiyo hupewa kadi ya michoro. Mstari wa tatu, aspect=true, ndio unaorudisha umbo la 4 kwa 3.

Matokeo yake ni pau mbili nyeusi pembeni. Kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, picha sahihi huchukua 1440 kwa 1080, na kila upande hubaki pikseli 240 tupu. Wapo wanaoziona pau hizo kama upungufu na kurejea kwenye picha iliyotanuliwa. Hiyo ni hiari yao, ila wajue kwamba eneo lile halikuwahi kuwa na mchoro wowote.

Kuna mtego mmoja unaowapotezea watu saa nzima. Michezo inayouzwa upya mtandaoni, kwa mfano na duka la GOG, mara nyingi huja na DOSBox yake na faili lake la mipangilio ndani ya folda ya mchezo. Anayebadilisha faili la jumla la emuleta nyingine aliyoisakinisha mwenyewe haoni badiliko lolote, kwa kuwa amefungua faili lisilohusika.

Ikiwa picha bado inatanuka baada ya marekebisho hayo, kosa liko nje ya emuleta: katika programu-endeshi ya kadi ya michoro au katika menyu ya skrini yenyewe, ambamo huwa kuna chaguo la kuheshimu uwiano wa picha. Katika Windows 10, kukuza maandishi ya mfumo kupita asilimia 100 pia huvuruga ukubwa wa dirisha la emuleta. Katika hali hiyo hushauriwa kuandika idadi halisi ya pikseli za skrini badala ya neno desktop.

Skrini ikigoma kuwa na picha yoyote, hakuna haja ya kuzima kompyuta. Vitufe vya Alt na Enter hurudisha mchezo ndani ya dirisha, Ctrl na F10 huachilia kipanya kilichonaswa, na Ctrl na F9 huifunga emuleta papo hapo.

Ukungu na mitikisiko

Baada ya umbo kurekebishwa, hubaki suala la ukali wa picha. Pikseli 1440 zikigawanywa kwa 320 hutoa 4.5, idadi isiyo kamili. Mpangilio wa opengl huziba pengo hilo kwa kulainisha kingo, na picha hupata ukungu mwepesi. Mpangilio wa openglnb huacha kingo zikiwa kali, lakini safu moja ya pikseli huwa pana kuliko jirani yake, jambo linaloonekana hasa kwenye herufi. Hesabu hukubali kikamilifu katika pikseli 1600 kwa 1200, ambapo upana huzidishwa mara 5 na kimo mara 6. Kwa skrini nyingine, ulainisho kidogo una uaminifu zaidi, kwani skrini za zamani nazo hazikuwa na kingo kali kama wembe.

DOSBox Staging, tawi jipya la programu hiyo, huwasha uwiano sahihi bila kuombwa na linaweza kuiga hata mistari ya mwanga ya skrini za chogo. ScummVM, iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya michezo ya hadithi na mafumbo, ina chaguo la uwiano ndani ya menyu yake, bila haja ya kugusa faili.

Lipo tatizo moja ambalo mistari hii haiondoi. Mpangilio ule wa VGA ulichora picha mara 70 kwa sekunde, ilhali skrini nyingi za leo huchora mara 60. Mandhari yanaposogea kwa mfululizo, baadhi ya picha hurukwa na macho huona mtikisiko mdogo. Anayesumbuliwa nao anahitaji skrini inayoweza kubadilisha kasi yake ya kuchora kufuata mchezo, na skrini za aina hiyo tayari zinauzwa kwa wapenzi wa michezo mipya.