Waliohamia Mferejini kwa Kukimbia Kodi

Chumba kina urefu wa mita 3 hivi, na upana wake haufiki mita 2.1. Ukishuka kutoka nyuma ya mashua, jiko la makaa ya mawe liko kushoto, benchi kulia. Mlango wa kabati la chakula ukishushwa unakuwa meza. Kabati la mwisho likishushwa, kitanda cha baba na mama. Watoto hujibana kwenye benchi, wakizidi hulala sakafuni.

Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya maelfu ya familia kwenye mifereji ya Uingereza katika karne ya 19. Mashua yenyewe ilifika mita 21, lakini nafasi karibu yote ilikuwa ya shehena. Makaa yalilipiwa nauli, watoto hawakulipiwa.

Mwanzoni mabaharia wengi wa mifereji walikuwa na nyumba nchi kavu. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa Manchester, ulileta biashara nono, na mshahara ulitosha kodi ya nyumba. Kisha ikaja reli. Baada ya njia ya Liverpool na Manchester kuanza kazi mwaka 1830, nauli za mizigo majini zilishuka mwaka hadi mwaka. Mwenye mashua akapiga hesabu: akirudisha nyumba ya kupanga na kumpakia mke na watoto, anaokoa kodi, na wafanyakazi anao bila malipo. Mke akashika usukani, mtoto akamswaga ukingoni farasi aliyeikokota mashua.

Ndani ya ufukara huo wanawake walitundika lesi na kusugua shaba hadi ing'ae, na mbao za milango zikachorwa mawaridi na makasri. Wa nchi kavu waliwaita wachafu hata hivyo. Kelele za mwanaharakati George Smith wa Coalville zilizaa sheria ya mwaka 1877, iliyotaka kila mashua inayokaliwa isajiliwe na idadi ya wakazi iwekewe kikomo. Kuhusu shule ilisaidia kidogo tu. Mtoto anayelala mji tofauti kila usiku atasoma wapi?

Baridi kali ya mwishoni mwa 1962 na mwanzoni mwa 1963 iligandisha mifereji kwa wiki nyingi, na biashara ya mizigo ikakaribia kufa.

Ila wakazi wapya walikwishaanza kuingia. Mwandishi L.T.C. Rolt alihamia kwenye mashua yake, Cressy, mwaka 1939, na kitabu chake cha mwaka 1944 kuhusu maisha hayo kikawatia wengi hamu. Leo, hasa London, wengi wanavutwa na sababu ileile ya zamani: kodi. Sheria ya mwaka 1995 inamruhusu asiye na gati la kudumu kuishi majini, mradi asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, kwa hiyo mzazi hupanga safari akiangalia umbali wa shule. Na tangu Aprili 2024, wasio na gati wanaongezewa ada ya leseni kwa awamu.