Mpolandi Aliyeongoza Mateso: Henryk Czyż (1923–2003)

Jubilii inapofika huwa tunawakumbuka watunzi na waimbaji, na mwelekezi anabaki kuwa mgongo tu mbele ya watu. Kwa hiyo kurasa hizi tunampa mwelekezi mmoja.

Henryk Czyż alizaliwa Grudziądz, Polandi. Alikuwa na miaka 16 Ujerumani ilipoivamia nchi yake mwaka 1939. Baada ya vita alisomea muziki Poznań, akaongoza okestra ya Łódź, kisha ya Kraków kuanzia 1964.

Tarehe 30 Machi 1966 alisimama katika kanisa kuu la Münster, Ujerumani. Nayo ilikuwa jubilii: kanisa hilo lilikuwa likiadhimisha miaka 700. Mabomu ya vita yalikuwa yamelibomoa vibaya, likajengwa upya. Redio ya Ujerumani Magharibi ilikuwa imemwomba Mpolandi mwingine, Krzysztof Penderecki, kijana wa miaka 32, atunge Mateso ya Bwana kadiri ya Luka. Miaka 21 tu baada ya vita, Mpolandi aliinua mkono na kwaya ya Wajerumani kutoka Cologne ikaimba.

Na uimbaji wenyewe! Kwaya tatu za sauti mchanganyiko pamoja na kwaya ya wavulana, kwa Kilatini, zaidi ya saa moja. Umati unaomdhihaki Yesu hauimbi tu. Unanong'ona, unazomea, unapiga kelele. Sisi tunaohangaika na sauti nne tunajua maana yake: hapo hakuna melodi ya kumshika mkono mwimbaji, ni mkono wa mwelekezi peke yake. Mwishoni, baada ya makwaruzo yote hayo, sauti zote zinatua kwenye chodi safi ya E meja.

Mwezi uliofuata kazi hiyo iliimbwa Kraków, mwaka ambao Polandi ilikuwa ikiadhimisha miaka 1000 ya Ukristo chini ya serikali ya Kikomunisti. Czyż aliirekodi kwenye santuri, na pia Dies irae ya Penderecki, ya kuwakumbuka waliouawa Auschwitz. Baadaye, kwenye televisheni ya Polandi, aliwaeleza watu wa kawaida muziki wa okestra, jambo tunalolithamini kuliko tuzo.

Atakayeipata rekodi ya Mateso aanze na Stabat Mater iliyo ndani yake. Hapo ala zote hunyamaza, zikabaki kwaya tatu peke yake.