Pato la taifa

Kila Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma na Nairobi, "pato la taifa" huwa mlangoni mwa hotuba. Kipimo hicho kina deni kubwa kwa Simon Kuznets, mchumi mzaliwa wa Pinsk, katika Belarus ya leo, aliyehamia Marekani mwaka 1922. Mwaka 1934 Seneti ya Marekani ilipokea hesabu yake: kati ya 1929 na 1932 mapato ya nchi yalikuwa yameshuka kwa takriban nusu. Ndani ya ripoti hiyo hiyo alionya kwamba ustawi wa watu haupimwi kwa jumla ya mapato. Serikali zikachukua kipimo, onyo zikaliacha.

Neno pato limezaliwa na kupata. Aliyevuna mahindi ya kula na wanawe amepata. Aliyerudi na mzigo wa kuni kichwani amepata pia. Phyllis Deane, mchumi Mwingereza aliyepima uchumi wa Zambia na Malawi za kikoloni miaka ya 1940, alitetea kuni hizo zihesabiwe. Leo kanuni za kimataifa zinamuunga mkono, hata kwa maji ya kuteka. Kupika, kulea na kuuguza nyumbani bila malipo bado viko nje.

Tena hesabu yenyewe hubadilika. Mwaka 2014 Kenya ilisasisha mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao hesabu zote hulinganishwa nao, pato likapanda kwa takriban asilimia 25, nchi ikatajwa kuwa ya kipato cha kati.

Waziri anayesoma asilimia za ukuaji atusomee pia saa ambazo akina mama hufanya kazi bila ujira.