Ukinunua tairi, soma umri wake

Mwaka jana nilinunua tairi mbili za mtumba za gari letu dogo. Nilitazama meno tu, nikayaona bado marefu. Moja ikapasuka njia ya Kilifi, watoto wakiwa nyuma. Alhamdulillahi, tulisalimika.

Ubavuni mwa tairi, penye herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Zangu zilikuwa za 2011. Mpira huzeeka na kufanya nyufa kwa jua na miaka, hata gari likilala.

Saizi ifuate kibandiko cha mlangoni: 175/65 R14 ni upana milimita 175, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 14. Ukinunua mbili tu, mpya zifungwe nyuma. Rahisi huvunja upishi.