Juri Yao, Wazee Wetu

Wasee, mmeona kwa sinema za Marekani jinsi jaji huwageukia wale watu 12 na kuwaeleza sheria kabla waende kuamua. Kule maelekezo hayo yana vitabu vyake, wakili anafungua tu ukurasa. Sasa swali: Kenya je, jaji aliwahi kumwelekeza nani?

Zama za ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kosa kubwa alipata juri ya Wazungu wenzake, na neno lao lilikuwa la mwisho. Mwafrika alipewa wazee wa baraza. Jaji aliwafupishia ushahidi, kila mmoja akatoa maoni, kisha jaji akaamua anavyoona. Hakulazimika kuwafuata. Yaani wao juri, sisi ushauri.

Cheki matokeo. 1911, mlowezi Galbraith Cole alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo, akafa. Juri ikamwachilia. Serikali yenyewe iliona aibu, ikamfukuza nchini. 1956 kule Nyeri, Dedan Kimathi alisimama mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu. Alinyongwa 18 Februari 1957.

Halafu historia ikageuka. Kesi ya Tom Cholmondeley, aliyempiga risasi Robert Njoya mwaka 2006, ilikuwa na wazee wa baraza. Wakasema hana hatia. Mwaka 2009 Jaji Muga Apondi akawapinga: aliua bila kukusudia. Kifungo, miezi 8. Na huyo Cole wa 1911? Alikuwa kaka wa mama ya babu yake Cholmondeley. Si mchezo.

Kwa hivyo mimi siwalilii wazee hao, ambao Bunge liliwaondoa 2007. Ninacholilia ni sisi kutojua waliambiwa nini. Maoni ya mzee yanategemea alivyoelezwa sheria. Akielezwa vibaya, atajibu vibaya, na mtu anaenda kitanzini.

Kama uko hapa Kakamega na una bando, ingia tovuti ya Kenya Law, ni bure. Tafuta hukumu za mauaji za Mahakama Kuu ya Kakamega za kabla ya 2007. Angalia vitu vitatu: jaji anasema aliwaeleza nini wazee, wao walisema nini, na kama aliwapinga, alitoa sababu gani. Ukipata rufaa ya kesi hiyo, isome pia, maana huko ndiko makosa ya jaji huanikwa.

Siku hizi jaji anaamua peke yake. Macho yaliyobaki ni yetu, so tusome.